Kuotesha pingili za miti migumu bila umeme wala mashine ya ukungu

Pingili ya muhogo ukiisahau pembeni mwa shamba, mvua moja huichipusha. Pingili ya mvule, ya msambu au ya mueri ukiichomeka ardhini vivyo hivyo, siku ya nne jani limejikunja na wiki ya pili umebaki na kijiti kikavu. Sababu ni moja. Tangu dakika unapoikata, jani linaendelea kupoteza maji, na huku chini hakuna mzizi wa kuyarudisha. Mti mwepesi hutoa mizizi kabla jani halijanyauka. Mti mgumu hutaka wiki sita, wiki kumi, au miezi kadhaa, na muda wote huo jani lazima libaki bichi likitengeneza chakula. Karibu kila hasara inayotokea kwenye kitalu cha pingili, ukiifuatilia, inarudi hapo.

Kwa hiyo anayekimbilia duka la pembejeo kununua homoni ameanzia mwisho. Kwa uzito wake, la kwanza ni umri na hali ya mti mama. La pili ni unyevu wa hewa inayolizunguka jani. Kisha hufuata ukubwa wa jani lenyewe, halafu mchanga wa kuoteshea, na homoni ni ya tano. Homoni huifanya pingili nzuri itoe mizizi mapema na mingi zaidi. Tawi lililozeeka hailifufui.

Tunaposema pingili tuna maana ya kipande cha shina chenye jani, ambacho sehemu nyingine huitwa kipandikizi. Kubebesha, yaani kuunganisha tawi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, ni kazi tofauti, na tutaigusa tu pale inapofaa kuliko pingili.

Mti gani unastahili kazi hii

Kama mbegu inapatikana na inaota, panda mbegu. Mbegu ya mpingo, kwa mfano, huota bila taabu ikiwa mbichi na nzima, hivyo mtu anayetaka miche ya kawaida ya mpingo hana sababu ya kujenga kasha la nailoni la kuoteshea pingili. Kazi hii inalipa pale mbegu zinaposumbua, au pale unapotaka nakala halisi ya mti fulani unaoujua.

Msambu, Allanblackia stuhlmannii, mti wa Usambara Mashariki ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, una sababu zote mbili. Mbegu yake inaweza kukaa miezi mingi, hata kuvuka mwaka, kabla ya kuota. Tena kuna msambu dume na msambu jike. Aliyepanda mbegu hujua tu siku miti inapochanua, baada ya miaka mingi ya kupalilia, kwamba sehemu kubwa ya shamba ni madume yasiyozaa. Mueri, Prunus africana, ambao gome lake hutengenezewa dawa za tezi dume na ambao biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995, mbegu zake hazivumilii kukaushwa na kuwekwa ghalani kwa muda mrefu. Mvule, nao pia una dume na jike, shida yake kubwa kitaluni ni mdudu mdogo aitwaye Phytolyma. Hutaga kwenye machipukizi laini, yakavimba kama vinundu, yakapasuka na kuoza, na mche hufa ncha mara kwa mara hadi unadumaa. Miti michache huvumilia shambulio hilo kuliko mingine, na njia ya kuizidisha hiyo hiyo ni pingili.

Kazi huanza kwenye kisiki

Mti mkubwa uliokwisha kuzaa umezeeka juu lakini bado ni mchanga chini. Tawi la kileleni hubeba utu uzima wa mti hata kama limechipua juzi. Chipukizi linalotoka kwenye kisiki, shubiri moja au mbili kutoka ardhini, hubeba ujana wa mche, na hilo ndilo linalotoa mizizi. Ukichukua pingili mia kutoka kwenye matawi ya mvule mzee uzitie homoni ya kila aina, utavuna chache mno au usivune kitu. Pingili za machipukizi ya kisiki cha mti huo huo zinakubali.

Njia nyepesi ni kuwa na bustani ya miti mama. Panda miche yenye nguvu kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja. Ikifikia unene wa kidole gumba, ikate kwa urefu wa sentimita 30 hadi 50 mwanzoni mwa mvua. Kata mshazari ili maji yatiririke, na acha tawi moja au mawili ya chini yenye majani yaendelee kuilisha mizizi mpaka machipukizi yatoke. Yakitoka mengi, bakiza manne hadi sita. Ukiyaacha ishirini yatagombania chakula, na utavuna vijiti vyembamba visivyo na akiba.

Miti mama iwe chini ya kivuli chepesi, neti ya asilimia 40 au 50, au chini ya miti inayopitisha mwanga. Chipukizi lililokulia kwenye jua kali huwa fupi, gumu, lenye majani madogo mazito, na huchelewa kutoa mizizi. Lakini kivuli bila chakula hutoa machipukizi yaliyodhoofika, kwa hiyo tia ndoo ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba kila msimu, na baada ya kila mavuno nyunyiza gramu 20 hadi 30 za NPK kuzunguka kisiki, mbali kidogo na shina. Urea peke yake usitie. Hutoa shina laini lenye maji mengi linalooza kasha likifungwa.

Machipukizi huwa tayari baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, yakiwa na urefu wa sentimita 20 hadi 40. Lipime kwa mkono. Likilala kama jani la mgomba, bado ni changa. Likiwa na gome la kahawia na gumu kama penseli, limepitwa. Unalotaka ni la kijani, linalopinda na kurudi.

Jambo linalosahaulika ni mwelekeo. Wakulima wa kahawa wanalijua vizuri: chipukizi lililosimama wima hutoa mbuni uliosimama, lakini tawi la pembeni likioteshwa hubaki likitambaa pembeni miaka yote. Baadhi ya miti ya misitu ina tabia hiyo hiyo, hasa inayotoa matawi ya kulala kwa ngazi kutoka kwenye shina moja, na msambu ni mmojawapo wa kuuangalia. Chukua machipukizi ya wima tu. Hakuna fimbo ya kuegeshea itakayounyoosha mche uliotoka kwenye tawi la kulala.

Ikiwa mti unaoutaka ni mkubwa na haukatwi, kwa sababu uko hifadhini au kwa sababu ni wa mtu na unazaa, fungia tawi. Chagua tawi la unene wa penseli hadi kidole gumba, toa gome kwa mzunguko wenye upana wa sentimita 3 hadi 5, kwangua utelezi wote juu ya mti mweupe, paka homoni kwenye ukingo wa juu, kisha funika kwa konzi mbili za makumbi ya nazi yaliyolowa na kukamuliwa. Zungushia nailoni, kaza ncha zote mbili, funika kwa kitu cheusi. Mizizi ikijaa ndani ya nailoni, kata chini yake na upande. Mmea huo sasa ni mti mama wako: ukiukata tena na tena karibu na ardhi, machipukizi yake hurudia ujana taratibu na kuanza kutoa mizizi. Kwa miti ya hifadhini, hata kukata tawi kunahitaji kibali cha wenye hifadhi, kipate kabla ya kupanda na msumeno.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wauza miche hulinyamazia. Ujana unaorahisisha mizizi ndio huo huo unaochelewesha matunda. Mche wa pingili ya kisiki hautazaa mapema kuliko mche wa mbegu, ingawa utakuwa na jinsia na ubora wa mama yake. Anayetaka msambu uzae mapema abebeshe tawi la mti jike unaozaa juu ya mche wa mbegu. Pingili ni nzuri zaidi kwa mbao, kwa gome, na kwa kuzalisha miti mama mingi ya ukoo mmoja.

Kasha la nailoni

Mashine ya ukungu, inayorushia pingili matone madogo ya maji kama ukungu, hutaka umeme, pampu na maji ya presha. Kasha hili halitaki hata kimoja. Muundo wake uliboreshwa na mtafiti wa miti Roger Leakey na wenzake, wakauchapisha mwaka 1990, na tangu hapo umetumika kwenye vitalu vingi vya miti ya nchi za joto, kuanzia Kamerun hadi Usambara. Ni bwawa dogo la mawe lililofunikwa. Maji yaliyo chini hupanda taratibu mchangani na kugeuka mvuke, mvuke unashindwa kutoka, na jani linakaa kwenye hewa iliyoshiba maji kiasi kwamba halina haja ya kupoteza yake.

Kwa kasha la mita 3 kwa 1, lenye vyumba vitatu vya mita moja moja, unahitaji mbao za inchi 2 kwa 2 za fremu, nailoni nzito ya chini isiyo na kiungo, nailoni angavu ya geji 500 ya juu na pembeni, na vifuniko vitatu vyenye bawaba. Upande wa nyuma uwe na kimo cha mita 1 na wa mbele sentimita 60, ili matone yanayoganda chini ya kifuniko yateremke pembeni badala ya kudondokea majani sehemu moja. Vyumba vitenganishwe kwa nailoni pia. Ukifungua kimoja kufanya kazi, vingine viwili vibaki na mvuke wao.

Ndani jaza hivi, kutoka chini. Tandaza sentimita 2 hadi 5 za mchanga laini ili mawe yasitoboe nailoni. Juu yake weka mawe ya ukubwa wa ngumi, kimo cha sentimita 12 hadi 15, kisha kokoto za sentimita 3, na juu kabisa changarawe ndogo, mpaka jumla ifike karibu sentimita 20. Simamisha bomba la plastiki la inchi 2, au mwanzi uliotobolewa vifundo, kutoka juu hadi chini kwenye kila chumba. Hilo ndilo dirisha lako la maji: unatumbukiza kijiti kupima na unajazia humo humo. Juu ya changarawe weka sentimita 8 hadi 10 za mchanga wa kuoteshea. Mimina maji bombani hadi yafike chini kidogo ya mchanga huo. Chumba cha mita moja ya mraba hunywa takribani lita 70 hadi 80 mara ya kwanza. Maji yakipanda mpaka ndani ya mchanga, pingili zitaoza. Yakishuka hadi chini ya mawe, mchanga utakauka bila wewe kujua, kwa sababu juu bado utaonekana na unyevu.

Kabla ya kupanda chochote, liache kasha lifungwe siku tatu. Alfajiri ya siku ya nne nailoni yote kwa ndani iwe imejaa matone, na saa saba mchana isiwe kavu. Kama imekauka, kuna mahali panavuja hewa. Mara nyingi ni ukingo wa kifuniko. Pigilia kipande cha mpira wa baiskeli au sponji kando ya fremu.

Kasha likae chini ya neti au makuti yanayokata asilimia 60 hadi 70 ya jua. Nailoni iliyofungwa kwenye jua la wazi hupika pingili kwa siku moja. Mchanga ukiwa kati ya nyuzi 25 na 30 ni vizuri, na hewa ndani isipite nyuzi 34 au 35. Pwani, adui ni joto la mchana, basi ongeza kivuli na ulowanishe neti kwa nje. Amani, Lushoto au Kericho adui ni baridi ya usiku, basi punguza kivuli kidogo na zungushia matandazo pande za chini. Usitatue joto kwa kufungua kifuniko. Kila dakika kilipo wazi, majani yanalipa.

Mchanga wa kuoteshea

Mchanga wa mtoni wenye chembe za milimita moja hadi mbili, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, unatosha kwa mingi. Ukihitaji unaoshika maji zaidi, changanya nusu kwa nusu na vumbi la mbao lililolala mvuani miezi kadhaa. Vumbi bichi huchacha na kupata joto, na lile la mbao zilizotiwa dawa au la miti yenye utomvu mkali, kama mwerezi na msonobari, lisiingie kabisa. Pwani vumbi la makumbi ya nazi ni zuri, ila lilowekwe na kuoshwa mara tatu au nne maana mara nyingi lina chumvi. Mchanga wa baharini usitumike. Mwagia maji yaliyochemka kabla ya kuujaza, na uubadilishe kila baada ya awamu mbili au tatu.

Miti inayozoea vilima vikavu hupenda changarawe yenye hewa zaidi. Miti ya misitu ya mvua hustahimili mchanganyiko wenye vumbi. Kwa mti usioujua, gawanya chumba mara mbili ujaribu yote mawili, utajua baada ya miezi miwili badala ya kubishana.

Siku ya kukata

Mwagilia miti mama jioni ya jana yake. Kata machipukizi alfajiri, kabla ya saa tatu asubuhi, na yatie moja kwa moja kwenye mfuko wenye kitambaa kilicholowa, kivulini. Kama kitalu kiko mbali, tumia kasha la barafu, ila barafu isiguse majani. Usikate zaidi ya unayoweza kupanda kwa saa mbili. Chipukizi lililonyauka kisha likasimama tena kwa kuwekwa majini linaonekana zima, lakini limekwisha kupoteza nguvu, na litadondosha jani wiki ya pili.

Kwenye kivuli, tupa ncha laini ya juu na sehemu ngumu ya chini kabisa. Katikati kata pingili za sentimita 5 hadi 10, kila moja ikiwa na kifundo kimoja au viwili na jani moja juu. Kata ya chini iwe nusu sentimita hadi sentimita moja chini ya kifundo, iliyonyooka, kwa wembe mpya au mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti. Kata ya mshazari mara nyingi hutoa mizizi upande mmoja tu, na mche wa namna hiyo huegemea ukikua. Mkasi butu huponda ganda, na palipopondwa ndipo uozo huanzia.

Sasa jani. Likiachwa lote, hupoteza maji mengi. Likiondolewa lote, pingili haina kiwanda cha chakula na itakufa ikiwa na njaa kabla mizizi haijatoka. Kwa miti mingi ya majani mapana kama mvule, punguza jani libaki na eneo la sentimita za mraba 50 hivi, karibu sawa na karata ya kuchezea. Beba karata moja mfukoni, weka juu ya jani, kata kwa mkasi. Kwa mueri, ambao majani yake ni madogo, karibu sentimita za mraba 20 zinatosha, ambayo ni jani zima au mawili yaliyopunguzwa. Jani zito la msambu hupoteza maji polepole, unaweza kuliacha kubwa kidogo. Kila unapomaliza pingili kumi, zinyunyizie maji.

Homoni

IBA ndiyo homoni inayotumika sana. Ya unga huja tayari ikiwa na kiwango chake: asilimia 0.3 kwa mashina laini, 0.8 kwa magumu. Mimina kidogo kwenye kisosi, chovya sentimita moja ya chini, kung'uta ziada. Usichovye kwenye kopo lenyewe, unyevu na ukungu vitaliharibu lote. Kilichobaki kisosini tupa.

Ya kuyeyusha mwenyewe ni nafuu kwa kitalu kikubwa. IBA haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo yeyusha gramu 0.2 kwenye mililita 50 za alkoholi safi, kisha ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi mililita 100. Hiyo ni asilimia 0.2. Kwa 0.4 weka gramu 0.4. Chovya kitako cha pingili kwa sekunde 5, kisha ziache dakika moja au mbili kivulini alkoholi iruke kabla ya kupanda, la sivyo itaunguza ganda. Vaa glavu. Tunza kwenye chupa nyeusi ndani ya friji, na iandike tarehe.

Kwa mti mpya anza na makundi manne: bila homoni, 0.2, 0.4 na 0.8, pingili 40 kila kundi, zikitawanywa kasha zima ili kona yenye joto isiharibu kundi moja peke yake. Zaidi si bora. Homoni ikizidi, kitako huwa cheusi na jani hudondoka likiwa bado kijani. Asali na utomvu wa mshubiri, ambavyo wengi huviulizia, havidhuru vikitumika vichache, lakini kwa miti tunayoizungumzia hapa haviwezi kushika nafasi ya IBA.

Kupanda na kulinda

Toboa shimo kwa kijiti, usichomeke pingili yenyewe maana homoni itakwanguka. Ingiza sentimita 2 hadi 3, bana mchanga kwa vidole viwili. Nafasi ya sentimita 7 kwa 7 inakupa pingili karibu 200 kwa mita ya mraba, na majani yasilaliane. Weka kibao kwa kila kundi: jina la mti, namba ya mama, jinsia yake kama inajulikana, tarehe, kiwango cha homoni, idadi. Penseli haifutiki kwenye mvuke, kalamu ya wino hufutika.

Kila unapofungua kifuniko, mvuke hutoroka, na kabla hujafunga tena nyunyizia majani kwa bomba la mgongoni mpaka yote yang'ae. Bomba hilo liwe la kazi hii tu. Lililowahi kubeba dawa ya magugu, hata likioshwa mara kumi, linaweza kuua kasha zima. Fungua asubuhi mapema au jioni. Ondoa majani yaliyodondoka kila baada ya siku mbili au tatu, na pingili zilizooza pamoja na mchanga unaozizunguka. Pima maji bombani mara moja kwa wiki.

Usizing'oe kuangalia. Baada ya wiki nne vuta moja kwa upole, ikishika, subiri. Mvule na mueri wa machipukizi mazuri huonyesha mizizi ndani ya wiki chache hadi miezi miwili hivi. Msambu hutaka miezi mingi, na pingili yake ikiwa ya kijani mwezi wa nne haijashindwa, iache.

Dalili na maana zake

Majani yakidondoka mabichi ndani ya siku kumi, ama yalinyauka kabla ya kupandwa, ama kasha linavuja. Yakigeuka manjano taratibu kuanzia wiki ya nne, kivuli ni kizito mno au majani yalipunguzwa kupita kiasi, na pingili inakula akiba yake. Kitako kikiwa cheusi na laini, kwanza pima kimo cha maji, halafu shuku wembe na mchanga. Kitako cheusi lakini kigumu, pamoja na jani lililodondoka, ni homoni iliyozidi.

Pingili yenye uvimbe mkubwa mweupe chini bila mzizi hata mmoja huwachanganya wengi. Uvimbe huo ni kovu. Si mzizi unaokuja, na kwa miti mingi si hatua ya lazima kuelekea mizizi. Ukiuona kwa kundi zima, mama amezeeka au homoni ni ndogo. Na pingili inayochipua jani jipya juu wiki ya pili isikufurahishe. Chakula kimekwenda juu badala ya chini, na nyingi za namna hiyo hunyauka ghafla. Vua chipukizi hilo kwa kucha.

Kutoka kasha hadi kiriba

Hamisha pingili ikiwa na mizizi mitatu au zaidi yenye urefu wa sentimita 2 hadi 4. Ukingoja iwe mirefu, itafungamana na changarawe na kukatika. Mchanganyiko wa kiriba ni sehemu tatu za udongo wa juu wa msituni, moja ya samadi iliyooza, moja ya mchanga. Shika mche kwa jani, siyo kwa mizizi, tengeneza shimo pana ili mizizi ielekee chini, na mwagilia papo hapo.

Hasara kubwa kuliko zote hutokea hapa, kwenye miche iliyokwisha kushinda. Jani lililokaa wiki nane kwenye mvuke halijui kufunga vinyweleo vyake, ukilitoa nje siku moja linakauka hata kama mizizi ipo. Rudisha viriba kwenye kasha lisilo na mchanga wiki mbili. Wiki ya tatu acha kifuniko wazi usiku tu. Ya nne, usiku hadi saa nne asubuhi. Ya tano kiondoe, miche ikibaki chini ya neti ile ile. Punguza kivuli kidogo kidogo kwa mwezi mwingine, na mche ukifika sentimita 30 uwe umeshazoea jua la nusu siku kabla ya kwenda shambani na mvua za kwanza.

Wakati wa kupanda shambani changanya koo. Mvule wote ukitoka kwa mama mmoja, Phytolyma akimweza mmoja amewaweza wote. Tumia akina mama 20 hadi 30 tofauti kwa shamba la kudumu, na usipande mama mmoja safu nzima. Kwa msambu, tawanya madume machache katikati ya majike, na yaandike kwenye ramani ya shamba kabla vibao vya kitaluni havijapotea.